Refa Aliyeionyesha Kona Kadi ya Njano

Jumapili, 6 Julai 2025

Siku mbaya. Si kosa langu.

Kombe la Beberu, mshindi anapata mbuzi dume, raundi ya kwanza, uwanja wa shule. Nyakasimbi na Kihanga. Mimi refa, kama kila mwaka tangu nistaafu ubwana shamba. Kipenga shingoni, kaptura imepigwa pasi, kadi mfukoni. Kipindi cha pili mchezaji mmoja wa Kihanga akasimama pembeni kwa dharau. Nikamwambia asogee. Kimya. Nikarudia kwa ukali. Kimya, tena kanyoosha mabega! Nikamwonyesha kadi ya njano. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kumbe ni mti wa kona. Mtu alikuwa ametundika jezi juu yake.

Jezi haitundikwi kwenye kona. Ni kosa. Kwa hiyo kadi ilikuwa halali.

Aliyecheka kuliko wote ni Melkiory, mshika kibendera wangu. Mtu wa miaka sitini, ana kahawa, ana wajukuu, ana saa ya mkononi inayong'aa mpaka ng'ambo ya pili, na bado anakitolea macho kipenga changu.

Macho yangu ni mazima. Shida ni ukungu. Mwaka huu ukungu umezidi Karagwe. Upo hata saa saba mchana. Upo hata ndani ya nyumba.

Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia. Maneno kumi, ukurasa umekwisha. Madaftari ya siku hizi wanayatengeneza madogo.

Jumatatu, 7 Julai

Kamati ya mashindano imekaa. Katibu ni Gideon, kijana ambaye baba yake nilimfundisha mimi kupanda migomba kwa mstari. Amesema, kwa heshima zote, kwamba refa alete karatasi kutoka kwa nesi wa macho kabla ya Jumapili ijayo. Bila karatasi, kipenga anapewa Melkiory. Nani alitoa wazo hilo? Hawakusema. Niliisikia saa yake ikitikisika kwa furaha.

Nikawajibu kwamba sina wasiwasi. Nikasimama, nikafungua mlango, nikatoka kwa hadhi. Ulikuwa mlango wa stoo. Nikakaa humo kidogo kati ya mipira na chokaa, ionekane nilikusudia.

Nyumbani nimemweleza mke wangu, Evangelina. Nilitegemea huruma. Akasema afadhali, kwani amenisihi niende kwa nesi mwaka wa pili sasa. Akaongeza kwamba hata kiko changu kinachangia. Mwanamke huyu! Kiko kipo mdomoni, macho yapo juu. Ni idara mbili tofauti.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata njia!

Jirani yangu Nsanzimana, mfugaji, alipasuliwa jicho mwaka jana. Tangu hapo hana adabu. Anaona kila kitu na anakitangaza. Rangi ya mlango wangu imebanduka. Shati langu nimelifunga vifungo mshazari. Nzi ameingia kwenye uji wangu. Zamani alikuwa jirani mzuri sana.

Lakini leo amekuwa na faida. Kumbe nesi ana chati ya herufi E, zimegeuzwa huku na huku, nawe unaonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Nsanzimana ameiona chati hiyo mara nne na anaikumbuka yote. Juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu, kulia. Nimemkatia kipande kizuri cha tumbaku. Nimekariri kutwa nzima. Wakati wa kula Evangelina ameuliza kama niongezewe maharage. Nikamjibu, kushoto.

Nsanzimana ameniuliza kwa nini nisipasuliwe tu kama yeye, mambo yakaisha. Nimemweleza kwa upole kwamba upasuaji ni wa watu wasioona.

Alhamisi, 10 Julai

Kituo cha afya. Nesi wa macho anaitwa Joanitha. Sauti laini, umri wa binti yangu Jovitha. Akanipa shikamoo babu, akanikalisha kwenye kiti, akaniambia nizibe jicho moja.

Sikungoja kuulizwa. Juu! Kulia! Chini! Chini! Kushoto! Juu! Kulia! Mikono ilikwenda kama ya trafiki. Nilimaliza jasho likinitoka. Akaniuliza, taratibu, nilikuwa nasoma nini. Nikamwonyesha ukutani.

"Babu," akasema, "ile ni kalenda ya ushirika. Chati iko nyuma yako. Nilikuwa sijakugeuza."

Baada ya hapo akanimulika na tochi. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeshaiva. Mimi bwana shamba mstaafu nikasikia vibaya. Kitu kimeiva kwangu na sikujua!

Kisha maswali, kama niko polisi. Navuta? Kiko tu. Tangu lini? Tangu nina miaka ishirini na mitano. Kofia navaa? Hapana, miaka yote niliyotembelea mashamba ya watu juani sikuvaa, kofia inaficha uso wa mtaalamu. Mboga za majani? Namwachia Evangelina. Pombe ya rubisi? Kidogo. Kidogo kiasi gani? Nikamsifu jinsi ofisi yake ilivyo safi.

Akanitoboa kidole. Sukari imepanda kidogo. Akaeleza kwamba uzee wenyewe huleta mtoto wa jicho, lakini moshi, jua na sukari humharakisha. Dawa ya kumwondoa ni upasuaji, tena mfupi. Kiko niache leo. Kofia nivae. Mboga nile. Sukari nipime kila mwezi. Nilitikisa kichwa kila mara. Kutikisa kichwa si kuahidi.

Mwishoni akaandika karatasi, akagonga muhuri, akanipa. Muhuri niliuona mwenyewe, wa bluu, mviringo! Kamati ilitaka karatasi kutoka kwa nesi. Hii ni karatasi kutoka kwa nesi. Imeandikwa nini? Sikuuliza. Nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeanza matibabu yangu mwenyewe. Karoti! Redio iliwahi kusema karoti ni chakula cha macho. Nimekula tangu asubuhi. Mbichi, za kuchemsha, ndani ya maharage, na moja ndani ya chai. Kufikia jioni tumbo ni ngoma. Ukungu uko palepale.

Kuhusu kiko, nimegundua njia salama. Jicho la kulia limeshahukumiwa, halina cha kupoteza. Kwa hiyo navuta nikiwa nimelifumba la kushoto kabisa, moshi wote uende kulia. Evangelina ameniuliza namkonyeza nani.

Jumapili, 13 Julai

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nusu fainali. Nyakasimbi na Kaisho. Watu wamekuja kutoka Kyerwa na ngoma. Gideon alikuwa msibani, kwa hiyo karatasi yangu nikamkabidhi Melkiory, nikamwonyesha muhuri kwa kidole. Akaikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni. Nikashangaa. Nikajua ameshindwa.

Nilikuwa nimejipanga. Nsanzimana amesimama pembeni ya uwanja, ananifuata ninakokwenda. Akikohoa mara moja, faulo. Mara mbili, goli. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha ajabu. Faulo zote nilizipata. Benadeta wa dukani, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alisema refa amerudia ujana. Wakati wa mapumziko, kwa furaha, nikamjazia Nsanzimana kiko changu avute mpaka kiishe.

Hapo ndipo palipoharibika.

Mpira ulipoanza tena, Nsanzimana akakohoa mara mbili. Goli! Nikapuliza, nikanyoosha mkono katikati. Akakohoa mara mbili tena. Goli! Nikasema leo Nyakasimbi wana moto. Akakohoa mara tano mfululizo. Goli, goli na faulo! Nilipofika goli la sita nikasikia miguu mingi ya Kaisho ikinijia. Mpira wakati huo ulikuwa umeingia kwenye mibuni ya Benadeta na wachezaji walikuwa bado wanautafuta.

Melkiory akatoa karatasi yangu mfukoni. Hakuisoma yeye, akampa kapteni wa Kaisho. Nilidhani ni heshima kwa wageni. Kapteni ana sauti kubwa. Alisoma kwamba Mzee Privatus ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kwamba hawezi kuhesabu vidole vya mkono kwa mita tatu, kwamba apelekwe kwenye upasuaji mapema. Neno mapema alilisoma mara mbili.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Melkiory akanivua kipenga shingoni. Alikivua polepole, kama mtu anavyomvua mgonjwa viatu. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 15 Julai

Siku mbili sijatoka nje. Leo Evangelina amesema twende bondeni kuvuna maharage. Bonde lina daraja la magogo mawili. Akataka kunishika mkono. Nikakataa. Nikasema mimi ndiye nitamshika yeye, nimevuka hapo kabla hajaolewa. Nikautafuta mstari mweusi wa gogo, nikauona, nikaukanyaga, nikamvuta.

Kilikuwa kivuli cha gogo.

Maji ni ya magotini tu. Lakini alianguka juu ya mkono. Tukakaa kwenye tope, kikapu kinaelea kuelekea Kihanga. Nikamwambia magogo yale yameoza, nitalalamika kijijini. Nikamwuliza kama ameumia. Ndipo akasema, bila hasira:

"Baba Jovitha, mara ya mwisho kuniona ni lini?"

"Nakuona kila siku."

"Waitu, mwenzangu, niambie basi. Meno yangu ya mbele yakoje?"

Nikamwambia ni mazuri kama siku zote.

"Moja limeng'oka tangu Pasaka," akasema. "Tunakula pamoja kila siku."

Tulirudi nyumbani yeye ametangulia. Mkono umevimba. Nilishika ncha ya kanga yake njia nzima, na hakuna aliyelizungumzia hilo.

Alhamisi, 17 Julai

Mkono wa Evangelina umefungwa bandeji. Hauna ufa, lakini asifanye kazi wiki tatu. Kwa hiyo kumenya ndizi ni kazi yangu.

Nimemenya mkungu mzima. Nusu ya ndizi imekwenda kwa ng'ombe wa Nsanzimana pamoja na maganda. Dole gumba nimelimenya pia. Kwenye sufuria kulikuwa na ndizi, maharage, na kitu ambacho Evangelina alikitoa kwa kijiko, akakitazama, akasema ni kifuniko cha kalamu yangu.

Nimemwambia nitakwenda kupasuliwa. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mkono wake. Akasema sababu yoyote inatosha.

Jumanne, 22 Julai

Nimepasuliwa! Jicho la kulia.

Usiku wa kuamkia leo sikulala. Nilifikiria mkasi, nikafikiria kisu, nikafikiria panga. Asubuhi nikamwambia daktari kwamba nimepona ghafla. Akasema hongera, nipande kitandani.

Wakatia matone ya ganzi. Daktari akaniomba nisizungumze wala kujitikisa. Sikujitikisa. Nilimweleza tu kuhusu nafasi ya mgomba hadi mgomba, na kwa nini watu wanakosea. Sikuwa nimefika kwenye samadi akasema tumemaliza. Hata dakika ishirini hazikutimia. Maumivu hakuna. Wametoa ukungu wangu, wakaweka lenzi ya plastiki. Nimefungwa pamba. Evangelina yuko pembeni yangu na mkono wake mbovu. Tunatosha kuunda mtu mmoja mzima.

Jumatano, 23 Julai

Wameifungua pamba asubuhi.

Kwanza niliona mwanga. Halafu ukuta, nao una ufa. Halafu mwanamke mzee amekaa kwenye kiti, nywele nyeupe, ananitazama kwa wasiwasi. Nikamwamkia kwa adabu.

Akacheka. Pengo hilo hapo, upande wa kushoto.

Sijui niandike nini. Nilimwacha na nywele nyeusi. Nimekaa naye miaka yote hii nikimkumbuka badala ya kumwona. Nikamwambia pengo linampendeza. Akasema niache upuuzi, lakini hakufunga mdomo. Machozi yalinitoka. Ni yale matone ya dawa.

Baadaye nikapita mbele ya kioo. Nikampisha mzee mmoja mchafu kiasi. Mambo mengine bora yangesubiri.

Nyumbani nimeyasoma maandishi yangu ya mwezi huu. Mistari imepandana kama ngazi. Ijumaa yote ya karoti imeandikwa juu ya Alhamisi. Nimeyanakili upya, kwa herufi ndogo, ukurasa mmoja tu. Hili daftari ni kubwa!

Jumapili, 27 Julai

Nusu fainali ya pili. Nilikaa kwenye kiti, miwani nyeusi, kofia ya pama kichwani, amri ya Evangelina. Melkiory anachezesha. Nilikuja kumchukia kwa utulivu.

Nikaanza kumtazama. Mpira ukitoka, anasubiri kwanza kelele, ndipo anaonyesha upande. Saa yake anaisogeza mpaka inagusa pua, kisha anamwuliza golikipa saa ngapi. Mpira ukapita katikati ya miguu yake. Alikuwa anatazama upande wa pili, kwa umakini mkubwa sana.

Melkiory haoni! Ndiyo maana karatasi yangu hakuisoma!

Sijawahi kufurahi hivi tangu kahawa ipande bei.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeandika barua kwa kamati, bila jina. Nimeeleza kwamba mwananchi mpenda haki ameona refa wa sasa hana macho, na kwamba yupo refa mwingine mwenye jicho jipya kabisa. Nimeisukuma chini ya mlango wa Gideon mwenyewe, na mlango safari hii ulikuwa ndio wenyewe.

Jumanne, 29 Julai

Gideon ameirudisha barua. Ameniambia shikamoo, ameniambia mwandiko wangu umependeza sana siku hizi, na kwamba niliichana karatasi kutoka kwenye daftari ambalo juu ya kila ukurasa nimepiga jina langu kwa muhuri wa zamani wa ubwana shamba. Nimesema huenda nimeibiwa.

Jioni akaja Melkiory. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alikaa, akaivua saa yake, akaichezea mkononi. Akakiri kwamba ni mwaka wa tatu sasa haoni vizuri. Pembeni, alisema, mshika kibendera lazima aone mstari. Katikati unaweza kufuata kelele. Ndiyo maana alikitaka kipenga. Aliogopa watu wamjue kabla hajakipata.

Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Kaka Privatus, inauma?"

Fainali ni Jumapili ijayo. Mtu mmoja akiogopa kwenda, na mwingine jicho lake likiwa jipya, kipenga kingekwenda wapi? Nilifikiria kwa haraka. Nikamwambia inauma sana. Nikamwonyesha urefu wa sindano kwa mikono miwili.

Evangelina akapaza sauti kutoka jikoni: "Muongo huyo! Alikuwa anamhadithia daktari habari za migomba!"

Melkiory alinitazama kwa muda, au alitazama mahali alipodhani nipo. Nikaona mikono yake inapapasa kuifunga ile saa, inakosa tundu la mkanda. Sikujisikia vizuri. Ilikuwa mikono yangu ile, ya wiki iliyopita.

Kesho nampeleka mwenyewe kwa nesi Joanitha. Nimejitolea. Evangelina alinikumbusha mara tatu tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Dhuluma! Fainali ya kesho, kule Kaisho, kamati imempa mwalimu kijana wa Kyerwa mwenye cheti. Macho yake yanaona, wanasema, na hana historia. Melkiory amepangiwa upasuaji wiki ijayo na anamsimulia kila mtu kana kwamba ni yeye aliyevumbua jicho.

Nesi Joanitha amenikagua jana. Jicho safi sana. La kushoto tulifanye Septemba. Akarudia orodha yake yote, kiko, kofia, mboga, sukari, nami nikatikisa kichwa yote.

Lakini nimekaa nikafikiri kitaalamu. Moshi unaharibu jicho la nyama. Langu sasa ni la plastiki. Beseni letu la jikoni ni la plastiki, limekaa kwenye moshi miaka mingi, na halijawahi kulalamika kwamba halioni. Nesi ni binti mzuri, ila hili hakulifikiria. Na la kushoto la nini? La kulia linafanya kazi ya mawili. Mtu asiwe mroho. Septemba nitakuwa na shughuli.

Nimejificha migombani nyuma ya jiko. Kiko kimewaka vizuri, jua zuri, kichwa wazi. Kutoka hapa namwona Evangelina dirishani, namwona mpaka kishikizo cha blauzi. Yeye hanioni. Amezeeka, maskini, na hajapasuliwa. Majani ni mengi, tena nimeinama.

Ameniita kwa jina. Amesema nikizime sasa hivi na nivae kofia.

Amebahatisha.